Saa ya Rubani na Ulimi wa Mwalimu

Imezuka fahari mpya mikononi mwa wenye nafasi: saa ya rubani, ya mtambo wa kamani, yenye kasha la shaba iliyochanganywa. Bei yake yaweza kumeza mishahara ya mwalimu ya miezi mingi. Hatuna ugomvi na fahari hiyo. Mwenye fedha zake za halali na anunue, avae, atembee nayo Kasese mjini mchana kweupe. Ugomvi wetu ni na usemi unaoandamana nayo. Usemi huo tumeusikia Kasese, tumeusikia Bwera na, la kusikitisha zaidi, tumeusikia vinywani mwa walimu wenzetu: ati saa kama hiyo haielezeki kwa Kiswahili, na wakati wake hausomeki kwa Kiswahili. Twakanusha yote mawili.

Tuanze na mwili wa saa. Kasha lake ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na bati, na pengine alumini. Watu wa Kasese ndio wa mwisho wanaopaswa kushikwa na kigugumizi mbele ya shaba. Reli ilifika kwao mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ambayo ilisafirishwa hadi Jinja kwenda kuyeyushwa. Ulipofika mwaka 1982 kazi hiyo ilikuwa imekwisha kusimama, lakini neno halikufungwa pamoja na mgodi. Bati nalo limechimbwa Kivu, ng'ambo ya mpaka. Wapenzi wa saa hizi husifu jinsi kasha linavyogeuka rangi, kutoka manjano ya dhahabu hadi kahawia, kisha, kwa jasho na unyevu, kuota ukijani. Ukijani huo Kiswahili kimeuita zinjari tangu zamani. Na kwa kuwa zinjari hutia doa ngozi, mafundi aghalabu huweka mgongo wa chuma kisichoshika kutu. Je, ni lipi hapo lililotushinda kulisema?

Tufungue ndani. Kinachosukuma magurudumu ni kamani. Kamani hujazwa kwa kuzungusha kichwa cha pembeni, ambacho katika saa za marubani hufanywa kikubwa ili mkono uliovaa glovu upate kukishika. Nyingine hujijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Kurekebisha saa ni kuitia majira. Mshale wake ni akrabu, neno ambalo kwa Kiarabu ni nge. Maneno haya yamo katika kamusi zetu. Hayakupotea, yameachwa. Mwalimu asiyeyafundisha asiseme lugha ni maskini, bali akiri kwamba hazina ipo na ufunguo anao yeye, ila hautumii.

Sasa tufike usoni mwa saa, penye shutuma kubwa. Wako wasemao kwamba saa za Kiswahili humchanganya mwanafunzi: akrabu imeelekea 10, naye aambiwa ni saa nne! Tumeona madaftari ambamo jibu sahihi la Kiswahili limepigwa mkasi mwekundu kwa sababu halikufuata tarakimu iliyochorwa. Mtoto huyo hakukosa. Amehukumiwa kwa sheria ya lugha nyingine ndani ya somo la Kiswahili, na hiyo ndiyo kasumba yenyewe.

Ajabu ni kwamba saa ya rubani, ambayo wenzetu waitukuza, ndiyo shahidi wetu wa kwanza. Katika mtindo mmoja mashuhuri, uliotumiwa na waongoza ndege wa Ujerumani tangu mwaka 1941, tarakimu kubwa za pembeni ni za dakika. Za saa zimesogezwa ndani katika duara dogo. Kileleni hapana 12, pana pembetatu na nukta mbili. Jicho husoma mahali ilipo akrabu kabla ya kusoma tarakimu. Kwa Kiswahili ni hivyo hivyo: urefushe mkia wa akrabu ndogo hadi upande wa pili, nao utakuonyesha saa yetu. Kichwa kwenye 10, mkia kwenye 4: saa nne.

Na rubani mwenyewe je? Marubani duniani kote huandika safari zao kwa saa za ulimwengu, ambazo zamani ziliitwa saa za Greenwich. Ndege ikitua katika uwanja mdogo wa Kasese saa nne asubuhi, saa ya mkononi iliyotiwa majira ya Uganda huonyesha 10, naye huandika 07:00. Hizo ni hesabu tatu za nukta moja ya wakati. Hatujasikia rubani akiitwa mshamba kwa kutoa tatu. Kwa nini basi mkulima wa Bwera aitwe mshamba kwa kutoa sita?

Tena Bwera kuna somo kubwa zaidi. Ukiuvuka mto Lhubiriha kutoka Mpondwe kwenda Kasindi, saa rasmi hurudi nyuma saa nzima. Upande wa Uganda ni saa tatu, upande wa Kongo ni saa mbili, na soko ni la watu wale wale. Huulizana, "Saa za wapi?" na biashara huendelea. Watu waliozoea hesabu mbili za mpakani hawawezi kushindwa na hesabu mbili za darasani.

Yako mabishano yenye uzito, nasi hatuyakwepi. Husemwa kwamba saa ya Kiswahili huanza kuhesabu tangu macheo, hali Kasese jua huchomoza karibu na saa moja, si saa kumi na mbili. Ni kweli. Lakini Uganda hufuata wakati wa longitudo ya 45, iliyo karibu na Mogadishu, na Kasese ipo karibu na ile ya 30. Ng'ambo, Kasindi, jua lilo hilo huchomoza karibu na saa kumi na mbili. Kosa ni la mstari wa ramani, si la ulimi.

Hatudai ratiba za ndege ziandikwe kwa saa zetu. Twadai kwamba Kiswahili kifundishwe kama Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto ajaye darasani na Kiganda au Kinyankole tayari huhesabu saa kama sisi: kwao pia asubuhi ina saa moja yake. Mwalimu amwambiaye aache hesabu hiyo avunja daraja ambalo mtoto amekwisha kulivuka.

Basi, ndugu walimu, chora uso wa saa ubaoni. Taja kasha, kamani, akrabu, majira na zinjari. Fundisha hesabu zote mbili, na kila moja ipewe jina lake. Anayeandika saa saba mchana, akrabu ikiwa kwenye 1, apewe alama zake zote. Na yule mwenye saa ya shaba atakapopita na kuulizwa saa ngapi, na ajibu kwa Kiswahili bila haya. Fedha zake zimempa saa. Kuisema ni kazi ya ulimi wake, na ulimi huo ni dhamana yetu.