Ordinatere Haijakufa, Draiva Yake Ndiyo Imefungwa

Wandugu vijana wa Baraka na teritware yote ya Fizi,

Juzi kaka mmoja aliniletea ordinatere ya mutumba. Walimwambia ati imekufa, anunue ingine. Nikaiwekea Linux, ikawaka vizuri. Ilikosa wifi tu. Ili ipate intaneti ilihitaji draiva, na ili ipate draiva ilihitaji intaneti! Nikaunga simu kwa waya wa USB, tukatumia forfe ya kuazima, ikapona.

Mimi niko na diploma ya inivasite na sina kazi, kwa hiyo wakati ninao. Mwalimu wa Lulimba au muuguzi wa Kazimia atautoa wapi?

Tuelewane. Keneli ndiyo moyo wa mfumo wa mashini. Draiva ni mkalimani kati ya keneli na kifaa: wifi, printa, sauti. Linus Torvalds alianza keneli ya Linux mwaka 1991 kwa aina moja ya ordinatere. Leo inaendesha simu, seva na mashini za kila namna. Juu ya nini? Juu draiva zake ziko wazi. Anayetengeneza keneli anajibu kwa kila draiva: y, ikae ndani moja kwa moja, m, iingie kama moduli inapohitajika, n, isiwepo. Ndiyo maana flashi moja ya Linux inawasha mashini nyingi tofauti.

Lakini keneli haiahidi kwamba viungo vyake vya ndani havitabadilika. Anayevibadilisha analazimika kurekebisha draiva zote zilizo ndani ya mti wa keneli. Draiva ya siri iliyo nje inabaki nyuma. Kampuni ikichoka nayo, kifaa chako kinaitwa maiti. Uongo! Mwenye ufunguo ameondoka nao.

Na sisi? Dhahabu inatoka Misisi, coltan inatoka Rubaya. Madini ya namna hiyo yanaingia katika vifaa hivi, halafu vinaturudia vimechakaa na kufuli juu. Tarehe 14/10/2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashini nyingi nzima hazikubaliwi na Windows 11. Tusishangae zikiletwa huku kwa jina la zawadi.

Kuna watakaosema: shida yetu ni barabara, usalama na umeme, si draiva. Kweli, hizo tunazidai kila siku. Lakini hii haihitaji katapila wala bajeti. Inahitaji sentensi moja katika mkataba wa kununua.

Kwa hiyo tunadai:

1. Ordinatere yoyote inayonunuliwa kwa pesa ya raia iwe na draiva zilizo ndani ya keneli ya Linux.
2. Mfadhili anayeleta mashini shuleni aijaribu kwanza mbele ya walimu.
3. Nchi iko na Kodi ya Dijitali tangu 13/03/2023. Wabunge wetu waitumie kama mlango wa kuuliza swali hili.

Na wewe kijana, kabla ya kutoa pesa yako, washa mashini kwa flashi ya Linux, jaribu wifi, sauti na printa. Ikikataa, acha.

Msiseme makampuni hayasikii. NVIDIA ililaumiwa hadharani miaka mingi. Mwezi wa tano 2022 ilifungua kodi ya moduli zake za keneli. Kelele inafungua kufuli.

Baraka, tupige kelele!