Hewa Safi Nayo ni Tiba: Kekee ya Meno, Beringi na Vumbi la Masasi

Mgonjwa anayefika kliniki ya meno akiwa na jino lililotoboka huwa na njia mbili mbele yake. Akikuta kekee inafanya kazi, jino husafishwa, huzibwa, naye hurudi nyumbani nalo. Akikuta kekee imenyamaza, jino hung'olewa, hata kama lingeweza kudumu miaka mingi zaidi. Katika hospitali nyingi za wilaya nchini mwetu meno yanayong'olewa ni mengi kuliko yanayozibwa. Sababu ziko kadhaa: wagonjwa huchelewa, wataalamu ni wachache, vifaa vya kuzibia huisha. Ipo sababu nyingine ambayo haitajwi sana mikutanoni, kwa kuwa imejificha ndani ya chuma chenye ukubwa wa punje ya hindi. Sababu hiyo ni beringi ya kekee.

Hoja yangu ni mbili. Kwanza, hewa inayoendesha kekee ihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, kama yalivyo maji ya kunawia na sindano safi. Pili, beringi zinazoelea juu ya hewa, ambazo leo zimo katika mashine nyingi za usahihi mkubwa, zichunguzwe na kuboreshwa hapa kwetu, kwa kuzingatia vumbi letu na unyevu wetu, kabla hatujauziwa zikiwa zimekwisha kuamuliwa kwingine.

Kekee ya kisasa huzungushwa na hewa iliyoshindiliwa, inayopuliza gurudumu dogo lenye mapanga kama ya feni. Wazo hilo lilifanyiwa kazi na John Patrick Walsh wa New Zealand, aliyeomba hataza mwaka 1949. Mwaka 1957 John Borden wa Marekani akatoa kekee iliyofikia mizunguko 300,000 kwa dakika, yaani mizunguko 5,000 kila sekunde. Kwa kasi hiyo jino hukatwa kwa mguso mwepesi, na mgonjwa huepushwa na mtikisiko mkubwa wa mashine za zamani. Lakini shafti inayozunguka hivyo hushikiliwa na beringi mbili za gololi ndogo mno, na hizo ndizo zinazokufa kwanza.

Huuawa na mambo yanayojulikana. Kila baada ya mgonjwa, kekee hutakaswa kwa mvuke wenye joto la nyuzi 134 za Selsiasi. Joto na unyevu huo huondoa mafuta na kudhoofisha kizimba kinachotenganisha gololi. Asiyeitia mafuta huiharakishia kifo, na anayeitia kupita kiasi huacha mafuta yadondokee ndani ya jino, na dawa ya kuzibia ikashindwa kushika. Juu ya hayo yote kuna hewa chafu. Katika kituo kimoja nilichopata kufanya kazi, kekee tatu mpya zilinyamaza kabla ya mwaka kwisha. Fundi alipofungua koki ya chini ya tangi la kompresa, yalitoka maji yenye rangi ya kutu.

Maji hayo hayakumwagwa na mtu. Tuchukue siku ya masika, joto likiwa nyuzi 30 na unyevu wa hewa asilimia 80. Mita nane za ujazo za hewa hiyo hubeba takriban gramu 190 za mvuke. Kompresa ikizishindilia hadi zikawa mita moja, kisha zikapoa, nafasi hiyo haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi. Zile gramu 160 zinazosalia hugeuka maji ndani ya tangi. Masasi, chini ya milima yake ya mawe, na Newala, juu ya uwanda wa Makonde, zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kisha kiangazi chenye vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Kompresa isiyo na kikaushio wala chujio huvuta maji nusu ya mwaka na vumbi nusu ya pili.

Hapa ndipo fizikia inapotuletea pendekezo la ajabu: kuondoa gololi na mafuta, shafti ikaelea juu ya utando wa hewa. Wazo si jipya. Mfaransa Gustave Hirn alidokeza mwaka 1854 kwamba hewa inaweza kulainisha, na Mmarekani Albert Kingsbury akalionyesha kwa majaribio mwaka 1897. Mwaka 1886 Osborne Reynolds wa Uingereza alikuwa ameandika mlinganyo unaoeleza jinsi utando mwembamba wa mafuta unavyobeba mzigo, na mwaka 1913 W. J. Harrison akaupanua uhusu gesi, ambayo tofauti na mafuta hukubali kushindiliwa. Mnato wa hewa ni mdogo, kama sehemu moja ya hamsini ya mnato wa maji, kwa hiyo msuguano wake ni hafifu. Aidha, hewa haiozi, haiungui na haiachi doa la mafuta kwenye jino. Ndiyo maana baadhi ya mashine za CT huzungusha kifaa chao kizito juu ya hewa, na kekee za meno zenye beringi za hewa zimewahi kutengenezwa.

Kwa nini basi kekee hizo hazikuenea? Hesabu nyepesi inatosha kueleza. Chukua beringi yenye kipenyo cha milimita 6 na urefu wa milimita 6, ikilishwa hewa ya mgandamizo wa bar 5. Kama mgandamizo wote ungebeba shafti, tungepata nguvu ya newtoni 18. Lakini mgandamizo hushuka kuelekea kingoni, na hewa ya upande wa juu nayo husukuma kurudi chini. Hubaki kama moja ya tano, yaani newtoni 3 hadi 4, sawa na uzito wa gramu 300 hadi 400. Mkono wa daktari anayekata jino husukuma newtoni moja hadi mbili, tena kwenye ncha iliyochomoza nje, hivyo beringi ya mbele hubebeshwa zaidi ya hapo. Akiba iliyobaki ni ndogo, na daktari akikaza mkono kidogo tu, shafti hugusa ukuta.

Ukuta wenyewe uko karibu sana. Pengo la hewa huwa mikromita 10 hivi, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 au zaidi. Chembe moja ya vumbi huziba njia. Kisha kuna mate: daktari anapoondoa mguu kwenye kikanyagio, gurudumu linaloendelea kuzunguka kwa muda linaweza kuvuta majimaji ya kinywani kuingia ndani ya kekee. Hilo ni jambo la maambukizi katika kekee yoyote, ndiyo maana utakaso kwa mvuke hauna mjadala. Katika beringi ya hewa ni jambo la uhai wa mashine pia. Na hewa ikikatika ghafla, shafti hupoteza kinachoishikilia ikiwa bado inazunguka.

Kwa sababu hizo, simshauri mganga mkuu yeyote anunue kekee ya beringi za hewa leo. Gololi, zikitunzwa, bado ndizo zinazotufaa. Ninachokataa ni hitimisho linalofuata mara nyingi, kwamba mazingira yetu ni mabaya na mashine nzuri si za kwetu. Mazingira ni takwimu za kuingiza kwenye hesabu. Mlinganyo wa Reynolds leo hukokotolewa kwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam anaweza kubadili ukubwa wa pengo, idadi ya matundu ya kuingizia hewa, au kuweka kaboni yenye vinyweleo mahali pa matundu, akaona ni wapi shafti inaanza kuyumba. Kuyumba huko, ambako mara nyingi hutokea kwa takriban nusu ya kasi ya mzunguko, ndiko adui mkubwa wa beringi za gesi. Hupunguzwa kwa kuchonga mifereji midogo kwenye shafti au kuiketisha beringi juu ya pete za mpira. Swali ambalo kiwanda cha ughaibuni hakina haraka ya kuliuliza ni hili: beringi ipi hustahimili hewa ya Masasi mwezi wa Machi, na umeme ukikatika katikati ya jino?

Wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa matajiri, sisi bado tunahangaikia ganzi na glavu. Nawaelewa. Lakini tangu mwaka 2022 hospitali za rufaa za mikoa zimekuwa zikipokea mashine za CT, na kila mashine ya namna hiyo huja na masharti ya hewa, joto na vumbi. Tusipojifunza kwenye kekee ndogo, tutajifunza kwenye mashine ya gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tena ukanda huu una historia ya kufanya tiba ikubaliane na mahali. Dk. Leader Stirling, aliyekuja eneo la Masasi mwaka 1935 chini ya misheni ya UMCA na baadaye akawa Waziri wa Afya, alitibu na kupasua katika majengo ya vifaa vya kienyeji, bila kusubiri mazingira yabadilike kwanza.

Kwa wahudumu wenzangu, kazi ya kesho asubuhi ni rahisi. Fungueni koki ya tangi la kompresa kila siku, maji yatoke. Badilisheni chujio kwa tarehe, bila kungoja kekee ilalamike. Tieni mafuta kwa kipimo kabla ya kutakasa, kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Ununuzi wa kekee usipitishwe bila kompresa isiyochanganya mafuta na hewa, kikaushio, na fundi wa vifaa tiba mwenye muda wa kuvikagua. Kifaa hicho cha nne, fundi, ndicho kinachosahaulika zaidi.

Kwa mgonjwa wa Mkomaindo, wa Newala na wa kwingineko: ukiambiwa jino ling'olewe, una haki ya kuuliza kwa heshima kama linaweza kuzibwa, na kama haliwezi, ni kwa sababu ya jino au ya mashine. Jibu likiwa ni mashine, ulizia kituo cha karibu chenye kekee nzima kabla hujakubali. Swali hilo likiulizwa na wengi, litafika kwenye bajeti haraka kuliko makala yangu.