Wana Rusizi, tusinunue vifaa vya uokoaji kwa picha

Ndugu wakazi wa Rusizi, kuanzia Kamembe na Mururu hadi Bugarama na Bweyeye, na ninyi wa Nkombo mnaovuka maji kila siku kwenda sokoni na hospitalini,

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, tunaitwa kwenye mikutano ya mudugudu, yaani kijiji, tutaje mahitaji yetu. Tunataja barabara, maji, umeme, soko. Ni haki yetu. Lakini ni nadra mtu asimame aseme: tunataka vifaa vya uokoaji, tunataka vya aina hii, na sababu ni hii. Hilo tumewaachia polisi, wizara na wafadhili, kana kwamba nyumba zitakazoungua ni zao. Naomba mwaka huu tulisemee wenyewe, na kabla ya kulisemea tujue tunachoomba. Kifaa kibovu ni hatari kuliko kukosa: mtu asiye na jaketi la kuokolea hukaa mbali na maji makubwa. Aliyevaa bovu hujitosa.

Wengi wetu tunaikumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu asubuhi, watu wako ibadani, tetemeko la kipimo cha 5.9 likapiga hapa kwetu na Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Makanisa yaliwaangukia waumini. Upande wetu wa mpaka walikufa watu zaidi ya 30, na majeruhi walikuwa mamia. Kigali iko zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na njia ni ile ya kona za Nyungwe, ambako lori moja likipinduka msafara wote unalala. Mtu aliyebanwa na tofali hawezi kusubiri gari litoke Kigali. Matetemeko mengi duniani yana kawaida hii moja: wengi wanaotolewa hai hutolewa na majirani, katika saa za mwanzo.

Sasa jirani ana nini mkononi? Hapo ndipo uchaguzi wa vifaa unapoanza, na si kwa mashine za bei kubwa. Kipande cha ukuta kilichomlalia mtu huinuliwa kwa jeki ya lori, mtaimbo na vipande vya mbao. Unainua kidogo, unategemeza kwa mbao, unainua tena. Usipotegemeza, jeki ikiteleza umemuua uliyekuja kumwokoa. Madereva wa malori wanaopanga foleni mpakani wana jeki hizo, na mafundi wa ujenzi wana mitaimbo. Kinachokosekana ni orodha ya nani ana nini, sanduku moja kwenye kila akagari, ngazi iliyo juu ya mudugudu, ambalo ufunguo wake unajulikana uliko, na watu waliofanya mazoezi. Kwa gharama ya simu chache za kisasa akagari inapata sanduku la maana.

Nije kwenye pampu, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji atakuonyesha picha na karatasi: pampu inafyonza maji kutoka kina cha mita saba, inasukuma kwa bari nane. Karatasi hiyo iliandikwa kwa mahali palipo sawa na bahari. Uso wa ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na mafundi wanajua kwamba kila mita 1,000 za mwinuko hupunguza karibu mita moja ya uwezo wa kufyonza. Injini ya petroli isiyo na turbo nayo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo pampu ya mita saba, hapa kwetu ihesabu kuwa ya tano na nusu, na nguvu yake imepungua. Ukiiweka juu ya kingo zetu za mawe ukashusha mpira majini, itanguruma tu bila kutoa maji.

Hesabu ya pili ni mbaya zaidi. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko takriban mita 1,580 juu ya bahari, yaani kama mita 120 juu ya ziwa. Kupandisha maji mita kumi kunakula bari moja. Basi kuyafikisha maji ya ziwa kwenye mwinuko huo kunahitaji bari 12 kabla hata tone moja halijarushwa kwenye moto, na bado hujahesabu msuguano ndani ya mipira. Pampu ya bari nane haifiki hata ikilia usiku kucha. Mji wa Kamembe unaliona ziwa chini yake na bado unaweza kuungua kwa kukosa maji.

Wafanyabiashara wa soko la Kamembe wanisikie vizuri hapa. Tunachohitaji mjini ni matangi ya kuhifadhia maji ya mvua, yaliyojengwa karibu na maduka, kila moja likiwa na kiungio ambacho mpira wa zimamoto unakishika. Pale ufukweni tunahitaji pampu nyepesi ambayo watu wawili wataibeba hadi kwenye maji, au ile inayoelea yenyewe. Paa za soko na maghala zinamwaga maji mengi mno kila masika, yote yanaishia mtaroni.

Nimetaja kiungio makusudi. Wajerumani wana kiungio chao cha Storz, Wafaransa wana Guillemin, Waingereza wana chao, na magari ya zimamoto yaliyotumika huja Afrika kutoka kote huko. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua. Zimamoto kutoka Washington na miji mingine walifika kwa treni wakiwa na mipira yao, na mingi haikushika kwenye mabomba ya Baltimore. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Sisi tuna mpaka na Kongo hapa, Burundi pale, viwanda na maghala yenye vifaa vyao wenyewe. Swali la viungio vinashikana au havishikani linajibiwa kwa asubuhi moja: kila mwenye mpira aulete, tujaribu. Adapta zitakazohitajika tuziandike na zinunuliwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndizo bei ndogo na ndizo zinazoamua.

Mitungi ya kuzimia moto nitaipitia haraka. Mingi madukani ilinunuliwa kwa ajili ya mkaguzi, ikatundikwa nyuma ya friji. Mshale usipokuwa kwenye kijani, mtungi huo umekufa. Mtungi wa gesi ya kaboni hauna mshale kabisa, hujulikana kwa kupimwa uzito, na muuzaji asiyeweza kukwambia hivyo usinunue kwake.

Ziwani nitakaa kidogo. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa ufukweni wanaiona, na makumi wakafa. Ni ziwa letu hilihili. Tunahimizana kuvaa majaketi, na ni vyema, lakini ni nani amewahi kuliingiza jaketi lake majini kulijaribu? Januari 2016 polisi wa Uturuki, mjini Izmir, walikamata majaketi ya bandia zaidi ya 1,000 yaliyotengenezwa kuuziwa wakimbizi. Ndani yalijazwa sponji ya kufungashia bidhaa, ambayo hunywa maji badala ya kuelea. Kwa macho yalikuwa mazuri. Jaketi la kweli lina lebo inayotaja nguvu ya kuelea kwa niutoni. Lenye 50 ni la mwogeleaji aliye karibu na ufuko. La abiria asiyejua kuogelea lianzie 100, na liweze kumgeuza aliyezimia uso wake utazame juu. Liwe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, la sivyo mtu akiingia majini jaketi linapanda hadi masikioni, yeye anashuka.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Chagueni jaketi moja kutoka kwenye shehena, bila muuzaji kuwachagulia. Mtu anayejua kuogelea alivae, aingie majini penye kina, boti ikiwa pembeni, alegeze mwili kama aliyezimia. Wengine watazame pua na mdomo vinakaa wapi. Kisha jaketi hilo lizamishwe usiku mzima kwa jiwe, lipimwe uzito asubuhi. Likiongezeka sana, shehena irudi ilikotoka. Vyama vya wavuvi na wenye boti za Nkombo, kazi hii ni yenu, na matokeo yasomwe hadharani.

Na wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, wasiachwe kuwa watazamaji. Usiku mzima wako ziwani na taa zao, na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja ni imara kuliko boti nyingi za abiria. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi yao, na baadaye ndege ilivutwa kwa kamba. Walikufa watu 19. Kamembe nayo ina ndege zinazopita juu ya maji. Kabla ya mtu yeyote kununua boti ya uokoaji ya bei kubwa, wavuvi waulizwe wangependa kuwa na nini ndani ya mtumbwi: kamba za kurusha zinazoelea, tochi zisizoingia maji, kifaa cha kuvunjia kioo, redio. Nadhani majibu yao yatatuokolea fedha.

Nikizungumzia redio, zisinunuliwe kabla mtu mmoja hajasimama nyuma ya mlima kule Nyakabuye na mwingine Kamembe, wakasikilizana. Simu nazo, ndani ya Nyungwe, zina mahali ambapo hazishiki kabisa.

Milimani kuna suala la machela. Machela ya aluminiamu inayokunjwa inapendeza kwenye maghala ya misaada. Imetengenezwa kwa watu wawili, mishikio mifupi, kumtoa mgonjwa sakafuni hadi kwenye gari. Ibebeni kwenye mteremko wa Nkanka wakati wa mvua, mtaona vidole vinaachia kabla hamjamaliza shamba la kwanza la migomba. Wazee wetu walikuwa na ingobyi: kitanda cha kusukwa, miti miwili mirefu, mabegani mwa wanaume wanne, wengine wakifuata nyuma kupokezana. Bega halichoki upesi kama kiganja. Kasoro ya ingobyi ni kwamba inapinda, na aliyevunjika uti wa mgongo hatakiwi kupindwa. Dawa yake ni ubao mgumu wenye mikanda, unaoingia ndani ya ingobyi. Seremala wa hapa anaweza kuutengeneza kwa maelekezo ya wauguzi wa Gihundwe au Mibilizi. Mpeni gunia la mchele wa Bugarama nafasi ya mgonjwa, mlishushe hadi barabarani mkipokezana, ndipo mwamue kipi kinafaa.

Kwa ndugu wa Bugarama na Muganza, malori ya mafuta ndiyo hofu yangu kubwa. Ng'ambo ya mto wa mpakani, upande wa Kongo, kwenye uwanda uleule, uko mji wa Sange. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka pale, watu wakasogea, wengine wakichota, na lilipolipuka liliua zaidi ya watu 230. Maji matupu husambaza petroli inayowaka, kwa hiyo povu linahitajika, na povu lina tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo lazima isomwe. Lakini kifaa ambacho kingeokoa watu wengi zaidi Sange ni kipaza sauti cha mkononi na utepe wa kuzuia watu, mikononi mwa mtu anayeheshimika mtaani. Kila mudugudu ulio kando ya barabara kuu uwe navyo, na motari, waendesha pikipiki za abiria, wafundishwe kuzuia njia mita mia kadhaa pande zote mbili.

Kuna watakaosema mwombaji hachagui. Sikubali. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa vya tiba, na msingi wake ni kwamba msaada umfae mpokeaji, matakwa yake yaheshimiwe, na kisichokubalika kwa ubora nchini kwa mtoaji kisiletwe kwa mpokeaji. Ndugu zetu walioko Ulaya wanaochangisha fedha kununua gari kuukuu la wagonjwa, tunawashukuru. Watuulize kwanza vipuri vitatoka wapi, ni fundi gani wa Kamembe anaijua injini hiyo, na betri za mashine zilizomo zinapatikana Kigali au la. Wilaya nayo, inapotangaza zabuni, iweke ndani ya masharti jaribio la hapa hapa, ziwani na mlimani, mbele ya watakaovitumia. Kifaa kikishindwa, malipo yasitoke. Muuzaji mwaminifu hataogopa sharti hilo.

Naomba basi kila sekta, zote 18, iteue watu wachache wasio na biashara ya kuuza vifaa: mvuvi au mwenye boti, dereva wa lori, fundi pampu, mshauri wa afya wa kijiji, mjitolea wa Msalaba Mwekundu, na mama mmoja muuza sokoni, maana yeye ndiye anayejua ni njia zipi zimezibwa na meza. Wafanye kazi pamoja na kikosi cha zimamoto cha polisi, si dhidi yake. Wakati huo huo kila mtu aandike kwenye simu yake 111 ya zimamoto, 110 ya ajali za majini, 912 ya gari la wagonjwa na 112 ya dharura.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, ukimalizika na mkutano ukianza, mtu mmoja katika kila mudugudu asimame aulize: tuna nini, kiko wapi, nani ana ufunguo, na mara ya mwisho kilijaribiwa lini? Asikae chini mpaka majibu yameandikwa.