Chuo kikuu kipimwe Muhuta

Safu ya TUSEMEZANE
Na Hamisi Nduwayo

Siku hizi vyuo vikuu duniani hushindana kwa uendelevu. Mpango wa GreenMetric, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010, huviuliza vyuo kuhusu majengo na mazingira yake, nishati, taka, maji, usafiri na elimu. Ni maswali mema, na vyuo vya Burundi vijiulize vyenyewe bila kungoja mgeni. Mimi naongeza moja, ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo yote: tarafa ya Muhuta imepata nini?

Pale Muhuta milima inateremka hadi Ziwa Tanganyika, na barabara ya taifa namba 3, ya Bujumbura kwenda Rumonge, inapita katika ukanda mwembamba katikati. Machi 2015 udongo uliporomoka Gitaza, ukaziba barabara hiyo, ukabomoa nyumba na kuhamisha familia. Miaka ya karibuni ziwa nalo limepanda, likaingia katika makazi ya pwani hadi Rumonge. Mwenye shamba la muhogo au michikichi anabanwa pande zote mbili. Na udongo unaosombwa na mvua unakwenda kufunika miamba ya ufukweni, wanakotaga na kujilisha samaki wengi wa ziwa hili. Mvuvi analipia mmomonyoko wa shamba ambalo hakulilima yeye.

Maarifa ya kupunguza madhara haya yako karibu. Bujumbura kuna kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Burundi, kuna wanajiografia, na kuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba ambao nchi nne za ziwa zilitia saini Dar es Salaam mwaka 2003. Wanafunzi huja vilimani, hupima miteremko, huwahoji wazee, kisha huandika memwari, yaani tasnifu ya kuhitimu, na kuitetea. Mara nyingi mno safari inaishia hapo. Mwanafunzi anapata shahada, memwari inawekwa kabatini, na mzee aliyejibu maswali hapati hata ukurasa mmoja.

Najua nitaambiwa vyuo vyetu ni maskini. Ni kweli, si kila chuo kitaweza kufanya kama Strathmore ya Nairobi, iliyoweka juu ya mapaa yake mitambo ya jua ya kilowati 600. Lakini kukinga maji ya mvua, kutenganisha taka na kuandika jiko la chuo linateketeza kuni kiasi gani, na zinakatwa wapi, si mambo ya mamilioni. Amri ya 2018 ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ipo. Chuo kianze kwa kuitii ndani ya ua wake.

Nitaambiwa pia kwamba kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko ni kazi ya serikali na wananchi. Naam. Ila mtaro uchimbwe wapi, majani gani yashike udongo wa mteremko ule, familia ipi ihame kabla ya masika: hayo yanahitaji vipimo, na kupima ndiyo kazi ya chuo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila chuo kitangaze kila mwaka kiasi cha kuni, umeme na maji ambacho kimetumia. Kila memwari iliyoandikwa juu ya tarafa irudi kilimani, isomwe kwa Kirundi na Kiswahili mbele ya waliohojiwa. Na chuo kimoja kichague mteremko mmoja wa Muhuta, kiufuatilie miaka kumi, hata mfadhili akiondoka.

Siku ya kuvitathmini vyuo ikifika, wakulima na wavuvi wakae meza moja na maprofesa na wawe na sauti sawa. Rekta atakayewaonyesha mteremko ulioshika udongo wake kwa masika kadhaa atakuwa ametoa ushahidi wa uendelevu, na mimi nitauandika hapa kwa furaha.