Avaaye Utepe Amekopa

Kila mwaka zipo siku ambazo nguo zetu hupata pambo dogo. Oktoba ni utepe wa pinki kwa ajili ya saratani ya matiti. Desemba mosi ni utepe mwekundu wa UKIMWI. Tunaubandika kwa pini, tunapiga picha, na jioni tunautupa kwenye droo pamoja na vifungo vilivyong'oka. Nami nasema kwamba avaaye utepe amekopa. Ametangaza mbele ya watu kuwa jambo hili linamhusu, nao wana haki ya kumdai.

Utepe mwekundu ulibuniwa mwaka 1991 na wasanii wa New York, siku ambazo walikuwa wakiwazika rafiki zao mmoja baada ya mwingine, na aliyeugua alikimbiwa. Walichagua rangi ya damu, wakakata na kukunja tepe kwa mikono yao, wakakataa kuweka hakimiliki ili yeyote ajitengenezee wake. Kule Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, hapakuhitajika utepe. Bibi mmoja kulea wajukuu watano peke yake lilikuwa tangazo tosha. Basi mtu atavaaje rangi ile kifuani, kisha amtengee ndugu yake sahani na kikombe?

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha mama mmoja wa California, Charlotte Haley. Saratani ya matiti ilikuwa imempata bibi yake, dada yake na binti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliketi nyumbani kwake akatengeneza tepe za rangi ya tunda la pichi, akazigawa kwa watu na kuwatumia wengine kwa posta. Kila kadi aliyoambatanisha ilibeba hesabu: taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani ilikuwa na bajeti ya dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na asilimia 5 tu ndiyo iliyokwenda kwenye kinga. Aliwataka wavaaji wawaamshe watunga sheria. Jarida la Self na kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder walipomwomba washirikiane naye, alikataa, akiona wataugeuza utepe wake kuwa biashara. Wao wakabadili rangi tu. Mwaka 1992 ukatoka utepe wa pinki, nao ukaenea duniani kote. Sisemi haukuleta heri. Wanawake wengi wamekwenda kupimwa kwa sababu yake. Ila ile hesabu ya Mama Haley ilibaki nyuma, na utepe bila swali lake umekuwa mwepesi mno kuuvaa.

Utepe mweupe nao una maana zaidi ya moja. Hapa Tanzania wapo wanaouvaa kudai uzazi salama. Kanada, mwaka 1991, wanaume waliuvaa baada ya wanawake 14 kuuawa Montreal mwaka 1989, na kila aliyeuvaa aliahidi kutomdhuru mwanamke na kutonyamaza akiona anadhurika. Huo ndio utepe ninaouheshimu, maana jirani anaweza kukushika kwa neno lako.

Na ule tunaoukata kwa mkasi? Nimewahi kupiga makofi utepe wa zahanati ulipokatwa, nikarudi miezi kadhaa baadaye nikakuta kufuli mlangoni. Najilaumu kwamba siku ile sikuuliza mganga atatoka wapi.

Oktoba ijayo, kabla hujachomeka pini, mpeleke mama au dada yako akapimwe, na nauli uitoe wewe. Kisha chukua kipande cha karatasi, andika kwa mkono wako: "Halmashauri yetu imetenga shilingi ngapi kwa uchunguzi wa saratani mwaka huu?" Kiambatanishe na utepe, umkabidhi diwani wako.