Upasuaji wa Mdomo Sungura ni Bure, Lakini Mtoto Afike Akiwa Hai



Nina dukuduku kuhusu watoto wanaozaliwa na mdomo sungura. Tunatangaziwa redioni kwamba madaktari bingwa wamefika, wazazi wawalete watoto wenye midomo wazi wafanyiwe upasuaji bila malipo. Ni jambo jema, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam pamoja na shirika la Smile Train wanastahili shukrani. Ninacholalamikia ni yale yanayompata mtoto kabla ya siku hiyo. Mdomo hushonwa akifikisha miezi 3 hivi, na kaakaa (paa la kinywa), kwa mwenye tundu hapo, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, tena awe na damu ya kutosha na uzito wa kilo 5 hivi ndipo aweze kuhimili nusu kaputi. Kazi ya kumfikisha kwenye kilo hizo ameachiwa mama peke yake, na mara nyingi hakuna aliyemwelekeza.

Mtoto mwenye tundu kwenye kaakaa hushindwa kunyonya hata akiwa na nguvu zake zote, kwa sababu hewa inapita kati ya kinywa na pua na mvuto haupatikani. Anahangaika na titi nusu saa, anachoka, analala, na mama anadhani ameshiba. Maziwa machache aliyoyapata yanamtokea puani au yanampalia. Mwenye tundu la kaakaa pekee yuko hatarini zaidi kwa upande mmoja: uso wake ni mzima, hakuna anayemshtukia. Mkunga mwenye tochi na kidole safi angeligundua tundu hilo kwa dakika moja. Baada ya hapo mama afundishwe kukamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe kidogo, mtoto akiwa ameketishwa karibu wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, apige mafunda mwenyewe bila kumiminiwa. Acheulishwe mara kwa mara, apimwe uzito kila wiki. Huo ndio utaalamu wote unaohitajika katika wiki za mwanzo, na zahanati yoyote inaumudu.

Wapo watakaosema tatizo hili ni la nadra, na wakunga wetu wamezidiwa. Kuzidiwa ni kweli, silibishi. Lakini makadirio yanayotumika sana duniani ni mtoto 1 katika kila 700. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Hata tukiyakata makadirio hayo kwa nusu, bado ni zaidi ya watoto 1,000 kila mwaka. Wengine watasema wazazi wenyewe ndio wanaowaficha watoto kwa imani za kupatwa kwa mwezi au laana. Imani hizo zinapata nafasi pale wodini panapokuwa kimya. Mama angeambiwa kwamba mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito, na kwamba urithi, sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano ingawa mara nyingi chanzo hakijulikani, asingerudi nyumbani kutafsiriwa na majirani.

Naiomba Wizara ya Afya ifanye ukaguzi wa kaakaa kuwa sharti kabla mama hajaruhusiwa, na matokeo yaandikwe kwenye kadi ya kliniki. Waandaaji wa kambi za upasuaji nao waongeze kwenye matangazo yao maelezo ya kunywesha kwa kikombe. Na wewe msomaji, ukisikia jirani amejifungua mtoto ambaye maziwa yanamtokea puani, mwambie ampeleke kituoni leo, asisubiri kambi.

Msomaji,
Dodoma