Wakisema tumepata gesi, uliza kama imepimwa

Wasee, wacha niseme kitu moja itaudhi wengine: "tumepata gesi" ni nusu ya habari. Hiyo nusu ingine bado iko chini kwenye mwamba.

Mnakumbuka 2012? Machi, Rais Kibaki akatangaza mafuta ya Ngamia 1 kule Turkana. Baadaye mwaka huo huo, kisima cha Mbawa, baharini upande wa Lamu, kikakuta gesi. Watu wakaanza kugawana pesa kichwani. Gesi ya Mbawa haikufika kiwango cha biashara, kisima kikazibwa, na stori ikaisha kimya kimya.

Ndio maana mimi nawapa heshima watu wa kupima. Gesi haikai chini kama maji ya tangi. Imejificha kwenye vitundu vidogo sana vya mwamba. Kwa hivyo wanashusha kifaa, kinajibana kwenye ukuta wa kisima, kinavuta sampuli na kusoma presha. Wanarudia kwa vina tofauti. Presha ikiongezeka polepole wanavyoshuka, hiyo ni gesi, kwa sababu ni nyepesi. Ikianza kupanda haraka, wamefika kwenye maji.

Kisima kikiwa wima, waya inatosha, kwa sababu uzito wa kifaa unakivuta chini. Lakini visima vingi siku hizi vinapinda mpaka vinalala. Hapo waya inashindwa. Jaribu kusukuma uzi kwenye mrija uone. Sasa ndio linaletwa bomba la koili: chuma kirefu kisicho na viungo, kimeviringishwa kwenye gurudumu kubwa kama hosi ya kuosha magari, na mashine inakisukuma ndani kwa nguvu. Waya ya umeme inapita katikati yake na kuleta vipimo juu. Tena linaweza kuingia kisima kikiwa bado na presha, bila kukizima kwanza.

Si muujiza lakini. Ni ghali kuliko waya, na ukilisukuma mbali sana linajipinda na kukwama.

Kuna mtu ataniambia hayo ni ya mainjinia. Zii. Songo Songo, kwa majirani Tanzania, gesi iligunduliwa 1974. Ilianza kutumika Dar 2004. Miaka 30! Mtoto aliyezaliwa siku ya ugunduzi alikuwa mzazi tayari. Katikati hapo kuna vipimo, soko, mabomba na mikataba, na hakuna mwanasiasa anakuelezea hiyo sehemu jukwaani.

Mimi naona hasara ni yetu sisi vijana. Tunaahidiwa kazi kabla mwamba haujajibu, wengine wanakimbia kununua ploti kwa mkopo, halafu tunaachwa na madeni.

Kwa hivyo tangazo lingine likija, uliza maswali matatu: Imepimwa? Presha ilishuka au ilishikilia walipoacha gesi itoke? Nani atainunua? Wakikosa majibu, weka makofi yako mfukoni.